Bagamoyo, Kaole na Dar es Salaam kwa daladala: tuanzie wapi tukiwa na mzee na watoto?

Mwalimu wa Ihumwa

Wanajukwaa, salaam. Mimi ni mwalimu wa Historia katika shule moja ya sekondari hapa Dodoma. Likizo ya Juni ninakusudia kuwapeleka pwani baba yangu, ambaye ni mstaafu wa reli, pamoja na wanangu wawili, mmoja yuko darasa la sita na mwingine kidato cha pili. Gari hatuna, na baada ya kuulizia bei za kukodi nimeamua kwamba tutakwenda kama waendavyo wenyeji: treni ya SGR hadi Dar es Salaam, na kuanzia hapo daladala, mwendokasi na bajaji.

Tunayotaka kuyaona ni magofu ya Kaole, mji mkongwe wa Bagamoyo, Kijiji cha Makumbusho, Makumbusho ya Taifa na majengo ya zamani yaliyoko katikati ya jiji la Dar es Salaam. Tutakuwa na siku nne kamili, ukiacha siku za kwenda na kurudi. Naomba mnisaidie katika haya. Je, ni busara kufikia Dar es Salaam na kwenda Bagamoyo asubuhi na kurudi jioni, au tulale hukohuko? Magari ya Bagamoyo yanapandiwa wapi siku hizi, maana zamani yalikuwa yakipandiwa Mwenge? Tukishafika Bagamoyo mjini, Kaole tutafikaje na mzee ambaye anatembea vizuri lakini polepole, na ambaye ameapa kwamba bodaboda hapandi hata kwa mtutu wa bunduki? Mwisho, mwanangu mkubwa amesoma habari za Kilwa na hanipi nafasi ya kupumua. Je, Kilwa inaweza kuingizwa katika siku hizo nne kwa basi?

Ningependa majibu ya watu wanaosafiri hivyo wenyewe. Matangazo ya kampuni za utalii nimekwisha kuyasoma ya kutosha.

Mkazi wa Kijitonyama

Mwalimu, karibuni sana Dar es Salaam, na umfikishie mzee shikamoo yangu.

Magari ya Bagamoyo yanapandiwa stendi ya Makumbusho, kandokando ya Barabara ya Bagamoyo, na mengi ni Kosta. Hayana ratiba ya saa; gari linajaa, linaondoka, na jingine linaingia kupakia. Kwa kuwa mtakuwa wanne na mnataka kukaa pamoja, msikubali kusukumwa na wapiga debe kwenye gari lililobakiza viti viwili vya nyuma na ahadi ya kwamba wengine watapata nafasi mbele ya safari. Subirini gari linalofuata, mchague viti wenyewe. Mzee mkalisheni upande wa kushoto, karibu na mbele lakini si kwenye kiti kilicho juu ya tairi, kwa sababu hapo miguu inakunjwa na magoti ya mtu mzima huumia kabla ya kufika Bunju. Upande wa kushoto nimeutaja makusudi: mkielekea kaskazini asubuhi jua linakuwa kulia, na mkirudi kusini alasiri linakuwa kulia tena, hivyo anayekaa kushoto hupata kivuli kwenda na kurudi.

Kutoka stesheni ya SGR kufika Makumbusho mna njia mbili. Ya kwanza ni kufuata Barabara ya Sokoine kwa miguu hadi Posta ya Zamani, mpande mwendokasi wa kwenda Morocco, kisha hapo Morocco mchukue daladala yoyote inayopita Makumbusho. Ya pili ni kupanda daladala moja kwa moja kutoka Posta. Zinaandikwa mbele zinakotoka na zinakokwenda, na kila njia ina rangi zake ubavuni, kwa hiyo watoto wanaojua kusoma watawasaidia kuliko mnavyodhani. Mkifika Dar es Salaam jioni wakati watu wanatoka kazini, nawashauri msijaribu njia yoyote kati ya hizo mkiwa na mizigo. Lipeni bajaji au teksi siku hiyo moja, na ubahili uanze kesho yake.

Nauli za magari haya hupangwa na LATRA, mamlaka inayodhibiti usafiri wa nchi kavu, na kondakta hukusanya gari likiwa njiani. Wekeni noti ndogo karibu, kwa sababu noti kubwa humfanya kondakta aseme chenji atakupa baadaye, na hiyo baadaye mara nyingine hufika baada ya ninyi kushuka. Watoto wasitegemee nauli ya mwanafunzi wakati wa likizo. Kwa kawaida anayelipa nauli hiyo ni aliye na sare na kitambulisho.

Kuhusu kulala, mimi naona mnaweza kulala Dar es Salaam na kwenda Bagamoyo mkarudi siku hiyohiyo. Umbali ni takriban kilomita 70, lami tupu, na barabara ikiwa wazi ni mwendo wa saa moja na nusu hadi mbili. Mkiwa stendi kabla ya saa moja asubuhi, siku inatosha. Mtaokoa fedha za nyumba ya wageni na usumbufu wa kuhamisha mabegi.

Mzaliwa wa Dunda

Mwalimu, ndugu wa Kijitonyama ameeleza habari za magari kwa ufasaha ambao sina la kuuongezea, ila katika suala la kwenda na kurudi siku moja natofautiana naye kabisa. Kosta ikiwafikisha saa tatu, na foleni ya Tegeta na Mwenge ikiwalazimisha kuondoka saa tisa, mnabaki na saa sita. Humo mtoe chakula cha mchana, mtoe sala kwa wanaosali, mtoe muda wa adhuhuri ambao jua la pwani halimpi mzee ruhusa ya kusimama kwenye magofu yasiyo na paa. Kinachobaki ni kukimbia. Watu wengi wanaokuja hivyo huona Kaole au huona mji, halafu huenda kusimulia kwamba Bagamoyo haina kitu.

Ushauri wangu ni kwamba mlale usiku miwili Bagamoyo, na tena mwanze huku kabla ya kuona chochote cha Dar es Salaam. Wewe ni mwalimu wa Historia, kwa hiyo utanielewa haraka. Kaole ilistawi kati ya karne ya 13 na ya 16. Baada yake ukaja mji wa Bagamoyo, ambao katika karne ya 19 ulikuwa mwisho wa njia ya misafara kutoka Ujiji na Tabora. Wajerumani wakaufanya makao yao, kisha mwaka 1891 wakayahamishia Dar es Salaam kwa sababu bandari ya huku ni ya maji mafupi na meli kubwa hutia nanga mbali. Mwaka 1905 wakaanza kujenga reli kutoka Dar es Salaam, ikafika Morogoro 1907, Tabora 1912 na Kigoma 1914, ikifuata kwa sehemu kubwa njia ileile ya wapagazi, na mji wetu ukabaki kama ulivyo. Sasa basi, mkianzia Kaole, mkaja mjini, mkarudi Dar es Salaam na kumalizia stesheni ya zamani ya reli ya kati, mtakuwa mmesafiri kwa mpangilio wa matukio yenyewe, na baba yako atakuwa ndiye mwalimu katika sura ya mwisho. Mkianzia Dar es Salaam, watoto watasoma kitabu kutoka nyuma.

Kaole iko kilomita tano hivi kusini mwa mji. Mtu wa bodaboda atawafuata kabla hamjashuka garini, lakini kwa kuwa mzee amekwisha kula kiapo, chukueni bajaji stendi. Jambo la kukubaliana mapema ni moja tu, nalo ni kwamba dereva awasubiri. Kupata bajaji ya kwenda ni rahisi. Kuipata ya kurudi ukiwa kule kwenye magofu ni kazi, kwa sababu hakuna abiria wengine wanaoilazimisha ipite. Mpe nusu ya malipo ya kwenda, na iliyobaki mpe mkirudi. Msitembee kwa kufuata ufukwe, hata kama kuna mtu atawaambia kuwa ni karibu. Njia hiyo ina upweke, na wageni wamewahi kuporwa.

Nendeni Kaole saa mbili asubuhi. Lipo gofu la msikiti wa karne ya 13, wa pili ulijengwa baadaye, na kuna makaburi yenye minara ya mawe ya matumbawe. Mwambie mwanao atazame kwa makini mashimo ya mviringo kwenye mnara wa kaburi: humo mliwekwa mabakuli ya kauri kutoka Uchina, na mabaki ya kauri za namna hiyo yameonyeshwa katika jumba dogo la makumbusho hapo mlangoni. Bahari imekwisha kusogea, na mikoko imejaa pale panaposemekana kuwa palikuwa bandari. Lipo pia kaburi la Sharifa, ambalo watu huja kuombea hadi leo, hivyo mkimkuta mtu ameketi hapo kwa dua, piteni kimya na msipige picha. Mavazi ya heshima yanatosha; mama au dada akiwa na khanga begani hakuna atakayemuuliza kitu.

Mjini mtatembea kwa miguu, nalo ni jambo jema kwa mfuko. Kituo cha Misafara kiko mwendo mfupi kutoka stendi. Shukeni Mtaa wa India taratibu mkiangalia milango, mingine imechongwa vizuri na mingine inaoza mbele ya macho yetu, hadi Boma la Wajerumani la mwaka 1897, Ngome Kongwe na soko la samaki. Karibu na ufukwe kuna kumbukumbu ya walionyongwa na Wajerumani wakati wa vita vya Abushiri, aliyewaongoza watu wa pwani kuwapinga. Abushiri bin Salim mwenyewe alinyongewa Pangani, Desemba 1889, na nalisema hili kwa sababu waongozaji wengine hupenda kumnyongea hapahapa ili kunogesha maelezo.

Misheni ya Katoliki iachieni alasiri. Iko upande wa kaskazini, na mzee anaweza kupelekwa kwa bajaji hadi mwanzo wa barabara ya miembe, kisha mtembee wote chini ya kivuli. Mapadre wa Roho Mtakatifu walifika hapo mwaka 1868. Katika mnara wa kanisa la kwanza ndimo ulimolazwa mwili wa mmisionari na mvumbuzi David Livingstone tarehe 24 Februari 1874, baada ya watumishi wake Susi, Chuma na wenzao kuubeba kutoka nchi ambayo leo ni Zambia, safari iliyochukua miezi mingi. Watoto wakichoka na habari za makaburi, wapelekeni kwenye mbuyu uliopandwa na wamisionari. Inasimuliwa kwamba Mfaransa mmoja aliyekuwa akihudumia misheni alikuwa akimfunga punda wake hapo kwa mnyororo, akausahau, na mti ukaumeza. Kipande kifupi bado kimechomoza kwenye shina, na kila mtoto ninayemwona pale hukivuta.

Bi Mtongani

Nakubaliana na Mzaliwa wa Dunda kuhusu kulala, ingawa usiku mmoja ungetosha kama mtafika mapema. Naongeza jambo ambalo watu wa Bagamoyo hulisahau kwa sababu si lao. Njiani kwenye barabara hiyohiyo mnapita Kunduchi, ambako kuna gofu la msikiti na makaburi ya minara kama ya Kaole, na ukuta wa mnara mmoja bado unaonyesha mahali palipopachikwa sahani za kauri. Gari la Bagamoyo litawashusha Mtongani, na kutoka hapo ni bajaji. Hata hivyo, kwa msafara wenye mzee sipendekezi kushuka mkiwa na mabegi, kisha kusimama barabarani kusubiri Kosta yenye viti vinne vitupu, kwa maana magari yanayopita Mtongani yamejaa tangu Makumbusho. Kunduchi ifanyeni safari ya peke yake kutoka Dar es Salaam kama siku itabaki, na muende na mwenyeji, kwa kuwa makaburi yenyewe yako kwenye vichaka.

Jingine ni malipo ya viingilio. Vituo vinavyosimamiwa na serikali kwa kawaida havipokei fedha mkononi. Mnapewa namba ya kumbukumbu na mnalipa kwa simu. Hakikisheni simu mojawapo ina salio na chaji kabla ya kuondoka asubuhi. Raia hulipa kiwango cha chini kuliko wageni, hivyo vitambulisho vyenu viwe mkononi.

Mwalimu wa Ihumwa

Nimefarijika sana, na mzee baada ya kusomewa habari za reli kufuata njia ya wapagazi ameanza kufunga begi kabla ya wakati. Anasema wakati wa utumishi wake alipita Tabora na Kigoma mara zisizohesabika, lakini mahali ambapo njia hiyo ilikuwa ikiishia kabla ya reli hajawahi kupaona.

Yamebaki mawili. Mkazi wa Kijitonyama, je, Kijiji cha Makumbusho ndicho kilicho jirani na stendi hiyo ya magari ya Bagamoyo, au majina tu yanafanana? Na kuhusu Kilwa, nimeona wote mmepita kimya. Nasubiri hukumu ili nimpelekee mwanangu.

Mkazi wa Kijitonyama

Ndicho hichohicho, Mwalimu. Stendi na eneo zima vimechukua jina kutoka kwake. Ukishuka kwenye Kosta unafika mlangoni kwa miguu. Kwa hiyo ninaondoa pendekezo langu la kwenda na kurudi, kwa sababu mpango wa Mzaliwa wa Dunda unawapa faida ambayo sikuifikiria: siku ya kutoka Bagamoyo mnashuka Makumbusho asubuhi, mnaingia Kijijini, kisha ndipo mnaendelea mjini, badala ya kuifanya iwe safari nyingine ya kupanda na kushuka.

Kijiji kilianzishwa katika miaka ya 1960 ili kukusanya mahali pamoja nyumba za asili za makabila mbalimbali, zilizojengwa kwa vifaa vyake halisi. Wanao wataona msonge wa Wahaya na nyumba za watu wa pwani, na bila shaka watasimama kwa muda kwenye tembe la Wagogo ili wakosoe kazi ya fundi, maana ninyi ndio wenyewe. Baadhi ya siku, hasa mwishoni mwa wiki, huwa kuna ngoma alasiri. Ulizeni mapokezi, na palepale muombe sehemu ya kuwekea mabegi, kwa kuwa kuzunguka kwenye vibanda ukiwa na begi mgongoni kunachosha.

Mpwani wa Kivinje

Hukumu ya Kilwa naitoa mimi kwa kuwa ndiko nyumbani: haiingii katika siku nne hizo, na msijaribu kuilazimisha.

Sababu zenyewe ni hizi. Mabasi ya Kilwa hupandiwa Mbagala Rangi Tatu, upande wa kusini wa jiji, yaani kinyume kabisa na Bagamoyo. Umbali hadi Kilwa Masoko ni takriban kilomita 300. Hata mkiondoka alfajiri mtafika mchana, na mkipanda basi la Lindi au Mtwara litawaacha Nangurukuru, mtafute gari dogo la abiria la kuwapeleka Masoko. Siku hiyo imekwisha. Magofu yenyewe hayako Masoko, yako kisiwani, ng'ambo ya mlangobahari wenye upana wa kilomita mbili hivi, na huruhusiwi kuvuka kwenda kuyaona bila kibali kinachotolewa Masoko saa za kazi. Kwa hiyo siku ya pili ndiyo ya kisiwa, na siku ya tatu ni ya kurudi. Mtakuwa mmetumia siku tatu kati ya nne, mbili zikiwa ndani ya basi.

Zaidi ya hayo, Juni ni majira ya kusi. Asubuhi bahari huwa na utulivu wa kiasi, lakini kadiri jua linavyopanda upepo huongezeka, na dau dogo la kuvukia huanza kurusha maji. Kijana ataona ni mchezo. Baba yako, aliyekataa bodaboda, sidhani kama atauona hivyo. Maji yakiwa yamekupwa pia mtalazimika kushuka na kutembea majini sehemu ya mwisho, viatu mkononi.

Mwambie mwanao kwamba Kilwa inastahili safari yake yenyewe. Kuna Msikiti Mkuu, ambao sehemu yake ya kaskazini ni ya karne ya 11 na sehemu ya kusini iliongezwa karne ya 14. Kuna Husuni Kubwa, jumba la sultani al-Hasan bin Sulaiman, lenye birika la pembe nane linalotazama bahari. Kuna Gereza, ambalo chimbuko lake ni ngome ya Wareno ya mwaka 1505. Ibn Battuta alifika Kilwa mwaka 1331 na akaandika habari zake. Kisiwa hicho pamoja na Songo Mnara viliingizwa katika Urithi wa Dunia mwaka 1981. Muda wa kutosha ni usiku mitatu Masoko, na siku moja kati ya hizo mje Kivinje kwa gari la abiria muone majengo ya zamani ya mji wetu, ambayo watalii huyapita wakikimbilia boti.

Mkipanga, epukeni masika. Mei 2024 mvua ziliikata barabara hii eneo la Somanga, na abiria walikwama pande zote mbili.

Mstaafu wa Gerezani

Naona Dar es Salaam yenyewe imeachwa yatima, na mimi ndiye mwenye deni hilo, kwa kuwa nimefanya kazi mitaa hiyo maisha yangu yote.

Mwalimu, katikati ya jiji msipande chochote. Vitu mnavyovitaka vimepangana kwenye mstari mmoja kandokando ya bandari, na daladala itawazungusha kuliko kuwafikisha. Anzeni asubuhi upande wa mashariki kabisa, muda ambao Makumbusho ya Taifa yanafunguliwa, katika Mtaa wa Shaaban Robert karibu na Bustani ya Mimea. Mwendokasi wa Kivukoni utawashusha umbali wa kutembea. Makumbusho hayo ndiyo yanayotunza fuvu la zamadamu aitwaye Zinjanthropus lililopatikana Olduvai mwaka 1959. Yapeni saa mbili, kisha mfuate Barabara ya Samora kuelekea magharibi hadi kwenye Sanamu ya Askari.

Hapo simameni kwa muda, kwa maana panaunganika na yale mtakayokuwa mmeyaona Bagamoyo. Sanamu ya Askari iliwekwa na Waingereza mwaka 1927 kuwakumbuka wanajeshi na wapagazi wa Kiafrika wa Vita vya Kwanza vya Dunia, na singe ya bunduki yake inaelekea bandarini. Kabla yake palikuwa na sanamu ya Wissmann, yuleyule aliyeongoza majeshi ya Kijerumani dhidi ya Abushiri. Waingereza walipouteka mji mwaka 1916 waliing'oa. Baadaye ikasimamishwa Hamburg, na huko wanafunzi wakaiangusha mwaka 1968. Watoto wenu watakuwa wametoka kuona mahali pa walionyongwa, kwa hiyo hamtahitaji maelezo marefu.

Kutoka hapo teremkeni baharini. Mtalikuta kanisa la Azania Front, lenye mnara na vigae vyekundu, na mkifuata Barabara ya Sokoine kuelekea magharibi mtapita Posta ya Zamani, penye vivuko vya Zanzibar, kisha Kanisa Kuu la Mtakatifu Yosefu. Yote mawili yalijengwa na Wajerumani kuelekea mwaka 1902. Mbele kidogo kuna Boma la Kale la mawe ya matumbawe, lililojengwa katika miaka ya 1860 wakati Sultani Majid wa Zanzibar alipoanza kuufanya mji huu makao yake. Ni jengo ambalo watu wa mjini hulipita kila siku wakiwahi daladala bila kugeuza shingo. Angalieni mlango wake, mkaulinganishe na ile ya Mtaa wa India.

Mkiendelea na barabara hiyohiyo mnafika stesheni ya zamani ya reli ya kati, na stesheni ya SGR iko hapo jirani. Ndiyo sababu nimewaambia mwanze mashariki: matembezi yanaishia mlangoni pa treni yenu ya kurudi. Mkipenda kuyafanya siku ileile ya kuondoka, kateni tiketi za treni ya jioni, mabegi yabaki nyumba ya wageni iliyo karibu na stesheni, na mzee apewe muda wake wa kutazama reli bila kuharakishwa na mtu. Pigeni picha kwa uangalifu eneo la bandari na stesheni. Askari wa zamu akikataza, wekeni simu mfukoni bila ubishi.

Tiketi za SGR kateni mapema kwa mtandao, hasa kwa kuwa likizo za shule hujaza mabehewa. Kila mtu mzima awe na kitambulisho kinacholingana na jina la kwenye tiketi, na mfike mapema, kwa sababu kuna ukaguzi wa mizigo na milango hufungwa kabla ya saa ya kuondoka. Mwambie mzee kabisa kwamba siku hizi treni haimsubiri mfanyakazi wake wa zamani, hata akipunga mkono.